Namna ya Kuokoa Mkanda wa Zamani wa Video wa Familia

Katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki, juu ya kabati au chini ya kitanda cha bibi, limo boksi la mikanda ya video iliyorekodiwa tangu miaka ya 1980 hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000: harusi, maulidi, kipaimara, mahafali, maziko. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994, kwa hiyo zipo familia ambazo deki ya kuchezea mikanda iliingia sebuleni mwao kabla ya matangazo yenyewe, na sura ya kwanza waliyoiona kwenye kioo haikuwa ya mtangazaji bali ya ndugu zao wakicheza ngoma ukumbini. Ninaandika mwongozo huu kwa sababu mikanda hiyo inakufa, na kwa sababu mtu yeyote mwenye subira anaweza kuiokoa nyumbani kwake.

Sababu ya kufanya haraka ni mbili. Mkanda wa VHS, uliotolewa na kampuni ya JVC ya Japani mwaka 1976, una utepe wenye upana wa milimita 12.7 ambao, kwa mkanda wa dakika 180, hufikia zaidi ya mita 250. Picha na sauti zimehifadhiwa katika chembechembe za sumaku zilizoshikiliwa kwenye plastiki kwa gundi, na gundi hiyo hufyonza unyevu, ambao Mombasa, Unguja na Dar es Salaam haukosekani mwaka mzima. Sababu ya pili ni mashine. Kampuni ya Funai, ya mwisho kujulikana kuwa ikitengeneza deki za VHS, iliacha kazi hiyo Julai 2016, na vipuri vinazidi kuadimika. Hata mkanda uliotunzwa vizuri hauna faida iwapo hakuna kitu cha kuuchezea.

Kabla ya kugusa chochote, tambua aina ya mkanda ulio nao. Ule mkubwa wa kawaida ni VHS. VHS-C ni mdogo lakini utepe wake ni uleule, nao huchezwa ndani ya deki ya kawaida kwa kutumia kasha maalumu. Mikanda midogo ya Video8, Hi8 na MiniDV inahitaji kamera zilizoirekodi au zinazofanana nazo. Uliza pia mkanda ulitoka wapi, kwa kuwa Kenya, Tanzania na Omani zilitumia mfumo wa televisheni uitwao PAL, wenye mistari 625 na picha 25 kwa sekunde, ilhali mkanda uliotumwa na ndugu aliyeko Marekani utakuwa wa NTSC, wenye mistari 525 na takriban picha 30 kwa sekunde. Deki isiyoujua mfumo huo itakuonyesha picha inayoruka au isiyo na rangi, nawe utadhani mkanda umeharibika kumbe ni mzima.

Sasa vunja kile kidude kidogo cha plastiki kilicho kwenye ukingo wa nyuma wa mkanda wa VHS, kama bado kipo. Kikishavunjwa, deki haiwezi tena kurekodi juu ya kilichomo. Harusi nyingi zimefutwa na mechi ya mpira kwa sababu kidude hicho hakikuvunjwa.

Kisha bonyeza kitufe kilicho pembeni ya kasha, inua mfuniko wa mbele na uutazame utepe kwenye mwanga. Ukiona unga mweupe au madoa yanayofanana na utando, hiyo ni kuvu, na mkanda huo usiingie kwenye deki kabisa. Niliwahi kupoteza dakika kadhaa za harusi ya shangazi yangu kwa kupuuza hatua hii: utepe uligandana, ukajikunja ndani ya mashine, na kuvu iliyobaki kwenye kichwa cha deki ingeweza kuambukiza mikanda mingine yote. Utenge mkanda wa namna hiyo kwenye mfuko, usiufungue ndani ya nyumba bila barakoa, na umpelekee fundi mwenye uzoefu wa kusafisha. Mkanda usio na kuvu lakini uliokaa mahali penye unyevu uwekwe kwa siku kadhaa ndani ya chombo chenye kufunga barabara pamoja na vile vifuko vya kukausha vinavyokuja na viatu vipya. Usiuanike juani wala usiutie jikoni karibu na moto.

Deki utaipata kwa mafundi wa zamani wa redio na televisheni, au kwa jamaa ambaye hajawahi kuitupa. Ijaribu kwanza kwa mkanda usio na thamani. Ikiwa picha ina mistari au chenga, inawezekana kichwa, ile ngoma inayozunguka mara 25 kila sekunde katika mfumo wa PAL, kimechafuka, na fundi atakisafisha kwa spiriti safi bila kukikwaruza. Baada ya hapo upeleke mkanda wako mpaka mwisho na uurudishe mwanzo mara moja, ili utepe ulegee na ujikunje upya kwa mvuto ulio sawa.

Kuunganisha ni kazi nyepesi. Nunua kifaa kidogo cha kunasia video kinachochomekwa kwenye tundu la USB la kompyuta, kisha unganisha waya wa njano kwa picha na waya mweupe na mwekundu kwa sauti. Programu ya kurekodi video ya OBS Studio hupatikana bure na inatosha kwa kazi hii. Kwa mkanda wa PAL chagua ukubwa wa 720 kwa 576 na picha 25 kwa sekunde, na uhakikishe umbo linabaki 4 kwa 3, kwani kulitanua lijaze kioo cha televisheni ya leo ni kuwanenepesha watu wote waliomo. Kwa kiwango cha megabiti 8 kwa sekunde, saa moja itachukua takriban gigabaiti 3.6. Hakuna njia ya mkato: mkanda wa saa tatu utachukua saa tatu.

Saa hizo tatu zisipite bure, na hapa ndipo ninapomsihi msomaji zaidi ya popote. Mwite bibi, babu, mjomba au yeyote aliyekuwepo, aketi mbele ya kioo, nawe uweke simu irekodi anayoyasema. Picha bila majina hugeuka kuwa umati wa wageni ndani ya kizazi kimoja. Muulize huyu aliyeshika sinia ni nani, wimbo huu uliimbwa na ukoo upi, leso ile ilikuwa na jina gani, nyumba hii ilisimama mtaa gani kabla ya kubomolewa. Andika majibu katika faili la maandishi pamoja na dakika na sekunde za kila tukio, kwa sababu utepe waweza kungoja mwaka mmoja zaidi, lakini mzee mwenye kuyajua hayo huenda asingoje.

Kabla ya kumtumia mtu yeyote, fikiri juu ya waliomo. Katika harusi za pwani, sherehe za wanawake aghalabu zilirekodiwa na mpiga picha mwanamke kwa makubaliano kwamba mkanda utatazamwa na wanawake peke yao. Wale waliovua buibui siku ile hawakukubali kuonekana kwenye kundi la WhatsApp la ukoo mzima, na kupita kwa miaka thelathini hakujabatilisha makubaliano yao. Waulize walio hai, na kwa marehemu waulize watoto wao.

Nakala zihifadhi tatu: moja kwenye kompyuta, moja kwenye diski ya nje, na moja mbali na nyumbani, kwa ndugu wa mji mwingine au kwenye hifadhi ya mtandaoni. Usitegemee video iliyopitishwa WhatsApp, kwa kuwa huminywa na kupoteza ubora. Utakutana pia na programu za akili mnemba zinazoahidi kung'arisha picha za zamani. Zitumie kwenye nakala tu, kamwe si kwenye faili la kwanza, kwa maana sura iliyofifia haisafishwi bali hubuniwa upya, na mjukuu ataonyeshwa uso ambao bibi yake hakuwa nao. Siku zijazo, video ya kughushi itakapokuwa rahisi kama kuandika barua, faili la kwanza lisiloguswa ndilo litakaloaminika. Kwa hiyo litengenezee namba ya utambulisho ya SHA-256, ambayo hukokotolewa kutokana na yaliyomo ndani ya faili lenyewe, kwa programu ya bure na uiandike kwenye daftari: herufi moja ya faili ikibadilika, namba yote hubadilika.

Mkanda wenyewe usiutupe. Urudishe mwanzo, uusimamishe wima ndani ya kasha lake mahali pakavu mbali na spika, na uandike kwa kalamu ya wino juu ya karatasi yake siku ulipouhamisha, jina la faili, na jina la aliyekusimulia.