Kuita fanksheni kwa jina katika Common Lisp

Mtumiaji anaandika `wastani 4 8 10`, na programu inatakiwa kuendesha fanksheni yenye jina hilo. Wakati wa kukompaili hukujua angeandika nini. Unaweza kupanga `cond` ndefu (msururu wa masharti) yenye majina yote. Mimi niliishi nayo, mpaka nikachoka kugusa sehemu mbili kila nilipoongeza amri moja. Lisp yenyewe tayari ina daftari la majina; kazi yetu ni kulisoma kwa uangalifu.

Natumia SBCL, mojawapo ya kompaila za Common Lisp, ila yote yaliyomo humu ni ya kiwango cha ANSI cha 1994, kwa hiyo hata kompaila nyingine kama CCL na ECL zinayakubali.

Hatua ya 1. Zipe amri pakeji yake (sanduku la majina)

```lisp
(defpackage :amri
  (:use :cl)
  (:export #:jumla #:wastani))
(in-package :amri)

(defun jumla (&rest n) (reduce #'+ n))
(defun wastani (&rest n)
  (/ (apply #'jumla n) (length n)))
```

Majina yaliyo chini ya `:export` ndiyo pekee mtumiaji ataruhusiwa kuyaita.

Hatua ya 2. Tafuta alama (symbol, yaani jina lililomo kwenye pakeji)

`find-symbol` hurudisha thamani mbili: alama yenyewe na hali yake ndani ya pakeji.

```lisp
(find-symbol "wastani" :amri) ; => NIL, NIL
(find-symbol "WASTANI" :amri) ; => WASTANI, :EXTERNAL
```

Mstari wa kwanza huwatoa watu jasho. Lisp inaposoma msimbo wako hugeuza herufi ndogo kuwa kubwa, basi jina lililowekwa daftarini ni `WASTANI`. `find-symbol` haigeuzi kitu, inatafuta ulichompa vilevile. Dawa ni `string-upcase`.

Utaona mifano inayotumia `intern` hapa. Achana nayo. Isipoipata alama huiunda, kwa hiyo kila kosa la tahajia la mtumiaji litabaki ndani ya pakeji yako.

Hatua ya 3. Heshimu thamani ya pili

Hapa ndipo nilipoumia. Toleo langu la kwanza liliangalia alama tu, likaipuuza ile `:EXTERNAL`. Siku ya kujaribu nikaandika `delete-file` na jina la faili, kwa utani, na faili likaenda kweli. Sababu ni `(:use :cl)`: pakeji yetu imerithi majina yote ya Common Lisp, na `find-symbol` huyapata kwa hali ya `:INHERITED`. Tunachotaka ni `:EXTERNAL` peke yake, yaani yale tuliyoyaweka chini ya `:export`.

```lisp
(defun tafuta (jina)
  (multiple-value-bind (alama hali)
      (find-symbol (string-upcase jina) :amri)
    (when (and (eq hali :external)
               (fboundp alama)
               (not (macro-function alama)))
      alama)))
```

`fboundp` huuliza kama alama ina fanksheni, lakini hujibu ndiyo hata kwa makro (msimbo unaotengeneza msimbo mwingine), na makro haiitiki kwa `funcall` wala `apply`, zinazoita fanksheni kwa alama yake. Ndiyo maana ya sharti la mwisho.

Hatua ya 4. Ita

```lisp
(defun endesha (jina &rest hoja)
  (let ((f (tafuta jina)))
    (if f
        (apply f hoja)
        (format t "Hakuna amri ~a~%" jina))))

(endesha "wastani" 4 8 10) ; => 22/3
(endesha "delete-file" "x") ; huandika: Hakuna amri delete-file
```

Ndiyo, 22/3. Lisp haikati sehemu mpaka uiambie. Ukitaka desimali, izungushie `float`.

Angalia kwamba `tafuta` inarudisha alama, si fanksheni yenyewe. Nimefanya hivyo kusudi. Ukiandika upya `wastani` wakati programu inaendelea, mwito unaofuata utachukua toleo jipya. Ungerudisha `(fdefinition alama)` na kuihifadhi mahali, ungebaki umeshika ile ya zamani.

Na fanksheni ulizozitangaza kwa `flet` au `labels` usizitafute kwa njia hii. Hizo hazimo kwenye daftari, zinaishi ndani ya mabano yake tu.