Jinsi ya Kumnenepesha Mbwa Aliyekonda na Anayechagua Chakula

Mbwa aliyekonda ambaye bado anakataa chakula humtia mwenye mbwa wasiwasi, na wasiwasi huo mara nyingi ndio unaoharibu kazi. Kila mbwa anapogeuza uso, hubadilishiwa chakula. Akionja kidogo, huongezewa kitamu zaidi. Na hatimaye watu wote nyumbani wanamfuata na visahani huku uzito ukiwa palepale. Kabla ya kubadilisha chochote kilichomo bakulini, ni lazima ijulikane iwapo mbwa anataka kula lakini hawezi, anaweza lakini hataki, au anakula vya kutosha lakini chakula hakimfaidii. Hali hizi tatu hufanana kwa nje, ilhali tiba zake hazifanani hata kidogo.

Pima kwa mikono kabla ya macho

Manyoya hudanganya. Mbwa mwenye manyoya marefu anaweza kubaki mifupa mitupu bila mtu kutambua, na kwa upande mwingine mbwa wa jamii ya Greyhound, Whippet au Saluki huonekana amedhoofu kumbe ndivyo alivyoumbwa. Kwa hiyo weka viganja vyote viwili mbavuni mwake, vidole gumba vikiwa juu ya uti wa mgongo, kisha pitisha vidole taratibu bila kukandamiza. Ili kujua unachohisi, kunja ngumi ya mkono mmoja na upapase vifundo vyake kwa mkono wa pili: mbavu zikihisika hivyo, zimechomoza na zina mabonde katikati, mbwa amekonda. Sasa nyoosha mkono huo na upapase nyuma ya kiganja, mahali ambapo mifupa inahisika chini ya tabaka jembamba la ngozi. Hivyo ndivyo mbavu za mbwa mwenye uzito mzuri zinavyopaswa kuhisika.

Baada ya mbavu, papasa mifupa ya nyonga, uti wa mgongo na misuli ya mapaja. Madaktari wa mifugo hutumia kipimo cha hali ya mwili chenye alama 1 hadi 9, ambapo 4 na 5 ndizo zinazotakiwa, 3 ni mbwa aliyepungua, na 1 ni mbwa aliyeisha kabisa, asiye na mafuta yanayohisika na aliyepoteza misuli waziwazi. Ni vyema kutofautisha upungufu wa mafuta na upungufu wa misuli, kwa sababu mbwa mzee anaweza kuwa na tumbo la kawaida huku mapaja na misuli ya kichwani ikiwa imenywea, na hali hiyo humaanisha kwamba kuna jambo la kuchunguzwa, si la kumwongezea chakula tu.

Daktari wa mifugo kwanza

Mbwa aliyepungua uzito bila sababu inayojulikana anapaswa kuonwa na daktari kabla ya mpango wowote wa kumnenepesha. Minyoo ndiyo hudhaniwa kwanza, na si bila haki: minyoo ya safura hunyonya damu na kumwacha mbwa na fizi zilizopauka, na minyoo mviringo huwadhoofisha sana watoto wa mbwa. Hata hivyo, dawa moja ya minyoo haiui kila kitu. Dawa ya pirantel hufanya kazi dhidi ya minyoo mviringo na safura lakini haigusi tegu, ambao huuawa na prazikwanteli, na vijidudu vya Giardia huhitaji matibabu yake vyenyewe. Ndiyo maana kupeleka sampuli ya kinyesi kibichi, ikiwezekana ya siku zaidi ya moja, kuna faida kubwa kuliko kununua dawa kwa kukisia.

Magonjwa mengine hujulikana kwa jinsi mbwa anavyokula. Anayekula kwa pupa lakini anazidi kukonda, huku akinywa maji mengi na kukojoa sana, anaweza kuwa na kisukari. Anayekula kwa pupa na kutoa kinyesi kingi, laini, kilichopauka na chenye mafuta, huenda kongosho lake halitoi vimeng'enya vya kusaga chakula. Tatizo hilo huonekana zaidi kwa German Shepherd kuliko kwa jamii nyingi nyingine, hugunduliwa kwa kipimo cha damu, na hutibiwa kwa kumchanganyia mbwa vimeng'enya katika kila mlo. Kwa mbwa wa namna hii, kuongeza chakula bila dawa ni kuongeza kinyesi tu. Magonjwa ya figo, ini na moyo, saratani, pamoja na maradhi yaletwayo na kupe, nayo hupunguza hamu ya kula na uzito kwa pamoja.

Usisahau kinywa. Jino lililovunjika, fizi zilizooza au kidonda chini ya ulimi humfanya mbwa aukaribie mlo kwa hamu, aushike, kisha autemee sakafuni, au atafune kwa upande mmoja huku ameinamisha kichwa. Watu wengi humwita mbwa huyu mdekaji, ilhali anaumwa.

Mtazame akiwa mbele ya bakuli

Ukishajua kwamba hana ugonjwa, au ugonjwa umeanza kutibiwa, tenga milo kadhaa ya kumtazama bila kumsemesha. Mbwa anayenusa chakula, akalamba midomo mara nyingi, akatoa mate, akameza mate hayo na kugeuka, ana kichefuchefu. Huyo arudi kwa daktari. Mbwa anayekataa chakula chake lakini dakika moja baadaye anapokea kipande cha nyama kutoka mezani kwa furaha, hana tatizo la hamu. Amejifunza kwamba akingoja, kitakuja kilicho bora zaidi, na aliyemfundisha ni mwenye bakuli.

Kuna pia mbwa anayekula nusu kisha akaondoka kwa sababu ya mazingira. Pengine mbwa mwenzake amesimama karibu na kumkazia macho, pengine kidani cha shingoni kinagonga bakuli la chuma na kumshtua, pengine bakuli liko kwenye njia ya watu. Kumhamishia mahali tulivu, peke yake, kwenye bakuli pana lisiloteleza, kunaweza kuleta nafuu ambayo chakula cha bei kubwa hakikuileta.

Hesabu ya nishati

Kosa linalojirudia ni kupima chakula kwa ukubwa wa bakuli. Nishati inayohitajika mwili ukiwa umepumzika, kwa mbwa wa kilo 2 hadi 45, hukadiriwa kwa kuzidisha uzito kwa 30 kisha kujumlisha 70. Mbwa mzima aliyehasiwa huhitaji takriban mara 1.6 ya kiasi hicho ili uzito wake usibadilike. Tuchukue mbwa wa kilo 16 anayepaswa kuwa na kilo 20. Kwa uzito wa sasa, anahitaji 550 mara 1.6, yaani kilokalori 880 kwa siku. Ukimhesabia kwa uzito unaotakiwa, ni 670 mara 1.6, yaani karibu 1,070. Nyongeza hiyo ya takriban asilimia 20 ndiyo ya kuanzia, lakini ifikiwe kidogo kidogo. Hesabu hii ni makadirio tu, na mizani ndiyo itakayoirekebisha.

Sasa tazama maana yake bakulini. Chakula kikavu chenye kilokalori 380 katika kila gramu 100 kitampa mbwa huyu mahitaji yake kwa takriban gramu 280 kwa siku. Chakula cha kopo chenye kilokalori 100 katika kila gramu 100, kwa kuwa sehemu yake kubwa ni maji, kitahitaji kuzidi kilo moja. Mbwa mwenye hamu ndogo hana nafasi ya kilo moja tumboni. Kwa hiyo mwenye kumpa mbwa mchaguzi chakula cha kopo pekee, au kumjazia mchuzi mwingi, anaweza kuona bakuli limelambwa likabaki safi na bado mbwa akazidi kupungua. Chakula cha kopo kina faida yake, nayo ni harufu. Kitumike kidogo kama kichocheo juu ya chakula kikavu chenye nishati nyingi.

Chakula kilichotengenezwa kwa watoto wa mbwa, au kwa mbwa wanaofanya kazi nzito, kina mafuta na protini zaidi, na mbwa mzima asiye na ugonjwa wa figo, ini au kongosho anaweza kukila kwa kipindi cha kunenepa. Mabadiliko yafanyike kwa siku 7 hadi 10: robo ya chakula kipya, kisha nusu, kisha robo tatu, ndipo kiwe chote. Ukiharakisha atahara, na mbwa anayehara hanenepi.

Kumfundisha kula tena

Gawanya chakula cha siku katika milo 3 au 4. Milo midogo humsaidia mbwa anayeshiba haraka, na kwa mbwa wakubwa wenye kifua kirefu ni salama kuliko mlo mmoja mkubwa, kwani huo huongeza hatari ya tumbo kujaa gesi na kujisokota. Weka bakuli kwa saa zilezile kila siku, ondoka, na baada ya dakika 15 au 20 liondoe hata kama limebaki nusu, bila kugomba wala kubembeleza. Kati ya milo asipewe kitu isipokuwa maji. Vitafunwa vya mafunzo, kama vipo, vihesabiwe ndani ya kilokalori za siku na visizidi asilimia 10 yake.

Hapa pana tahadhari ambayo waelekezaji wengi huipita haraka. Kanuni ya kuondoa bakuli ni ya mbwa asiye na ugonjwa. Haimaanishi kumshindisha njaa mbwa aliyekwisha kukonda mpaka asalimu amri. Mbwa mzima asiyekula chochote kwa saa 24 apelekwe kwa daktari, na mtoto wa mbwa, hasa wa jamii ndogo, asingojewe muda wote huo, kwa kuwa sukari ya damu yake hushuka upesi.

Harufu ndiyo inayomshawishi mbwa kuliko ladha. Chakula cha kopo kilichotoka kwenye jokofu hakinukii. Kipashe kifikie joto la mwili, si zaidi, na ukikoroge ili kusiwe na sehemu inayounguza. Chakula kikavu kimwagiwe vijiko vichache vya maji ya uvuguvugu na kiachwe kidogo kabla ya kuandaliwa. Chagua kichocheo kimoja, kwa mfano yai lililochemshwa au nyama ya kuku isiyo na chumvi wala mifupa, ukichanganye vizuri na chakula chenyewe ili asichague vipande, kisha ukipunguze polepole kadiri mbwa anavyozoea. Ukibadilisha kichocheo kila siku, unarudi kumfundisha kungoja.

Mafuta huongeza nishati kwa wepesi: kijiko cha chai cha mafuta ya samaki au ya kupikia kina takriban kilokalori 40. Ongeza kijiko kimoja tu kwa kuanzia, na simama ukiona kinyesi kimelegea. Mafuta mengi kwa ghafla yanaweza kusababisha uvimbe wa kongosho, na mbwa wa jamii ya Miniature Schnauzer wanahitaji uangalifu zaidi katika jambo hili. Wali na kuku peke yake, ambao hupendekezwa mno, si chakula cha kudumu, kwa sababu nyama ina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo sana. Kama unataka kumpikia kwa muda mrefu, mpango huo uandaliwe na mtaalamu wa lishe ya wanyama. Wala asipewe, kwa kisingizio cha kumshawishi ale, vitunguu, kitunguu saumu, zabibu mbichi au kavu, chokoleti, makadamia, mifupa iliyopikwa, au kitu chochote chenye zailitoli, sukari mbadala ambayo huwekwa hata katika baadhi ya siagi za karanga.

Kama yote haya hayatoshi, zipo dawa za kuamsha hamu, ikiwemo kapromorelini, ambayo iliidhinishwa Marekani kwa ajili ya mbwa mwaka 2016. Hutolewa na daktari baada ya chanzo kutafutwa, kwa sababu kuamsha hamu ya mbwa mwenye jino bovu hakumwondolei maumivu.

Mbwa aliyeshinda na njaa muda mrefu

Mbwa aliyeokotwa akiwa mifupa mitupu asijaziwe bakuli, hata kama anakula kwa furaha inayotia huruma. Mwili uliozoea njaa ukipokea chakula kingi ghafla, fosforasi, potasiamu na magnesiamu huhama kutoka kwenye damu kuingia katika chembe za mwili, na kushuka huko kunaweza kuathiri moyo, misuli na pumzi hadi kumuua. Mbwa wa aina hii huanzishwa na daktari kwa sehemu ndogo ya nishati ya mapumziko, mara nyingi robo yake, katika milo midogo mingi, na huongezewa kwa siku kadhaa huku damu yake ikipimwa.

Mizani na daftari

Mpime mara moja kwa wiki, kwa mizani ileile, asubuhi kabla ya kula. Asiyekubali kusimama, mbebe, mpimwe pamoja, kisha utoe uzito wako. Andika uzito, kiasi alichokula kweli na hali ya kinyesi. Ongezeko la karibu asilimia 1 hadi 2 ya uzito wake kwa wiki ni mwendo mzuri. Kwa mbwa wetu wa kilo 16 hiyo ni gramu 160 hadi 320, kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona. Matembezi ya wastani yaendelee, kwani misuli hairudi kwa chakula peke yake, ila mbio ndefu zisubiri, na asichezeshwe mara tu baada ya kula.

Akila kiasi chote ulichohesabu kwa wiki 2 au 3 na mizani haisogei, ongeza asilimia 10. Ikiwa hata hapo hapandi, mrudishe kwa daktari pamoja na daftari. Na mbavu zikishaanza kuhisika kama nyuma ya kiganja, acha mafuta ya nyongeza kwanza, kisha mrudishe kwenye chakula cha kawaida kwa siku zilezile 7 hadi 10, ukiendelea kumpima kwa wiki chache zaidi hadi uzito utulie.