W-2 imepotea? Anza kwa mwajiri
Kwa tunaofanya kazi Marekani: W-2 (fomu ya mwajiri inayoonyesha mshahara wako wa mwaka na kodi iliyokatwa) ikipotea, usikimbilie IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani. Mwombe mtu wa mishahara kazini akupe nakala, au ingia kwenye akaunti yako ya mishahara mtandaoni. Mara nyingi imo humo. Kama umehama, mpe anwani mpya. Yangu ilitua kwenye sanduku la posta la nyumba niliyokwisha kuhama!

Februari ikiisha hujaipata, piga IRS 800-829-1040, ukiwa na jina na anwani ya mwajiri mkononi. Aprili 15, ambayo kwa kawaida ndiyo siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani ya kodi, ikikukaribia bado huna kitu, jaza Fomu 4852 (inayochukua nafasi ya W-2) kwa kutumia slipu ya mwisho ya Desemba, ile yenye jumla ya mwaka mzima ya mshahara na kodi iliyokatwa.