Somo: Kuitembelea Nîmes, mji wa Warumi kusini mwa Ufaransa, kwa kufuata njia ya maji

Habari zenu wakuu. Wageni wengi wakifika Nîmes hushuka kwenye treni, wakakimbilia uwanja wa Warumi, wakapiga picha na kuondoka na treni ya jioni. Wanaona mawe, lakini hawajui kwa nini mji ulikuwa hapo. Nîmes uliota kando ya chemchemi, ukapanuka kwa maji yaliyoletwa kutoka mbali, na fahari yake yote imejengwa juu ya hayo. Kwa hiyo katika somo hili tutaanza na maji. Siku mbili zinatosha. Mwenye nafasi ya siku ya tatu ataitumia kwa ndege na chumvi, kama nitakavyoeleza kwenye maswali.

Hatua ya 1: Viza na treni

Ufaransa imo katika eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Ombi la viza ya muda mfupi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na lisichelewe chini ya siku 15. Ada ya mtu mzima ni euro 90, na bima ya matibabu iwe ya kiasi kisichopungua euro 30,000. Usingoje siku ya mwisho, maana miadi ya kuchukuliwa alama za vidole hujaa mapema, hasa kuelekea Juni na Julai.

Ukiwa Paris, panda treni ya kasi kutoka Gare de Lyon. Safari ni kama saa tatu. Hapa kuwa makini: kuna vituo viwili. Nîmes Centre kiko mjini. Nîmes Pont-du-Gard kiko nje, karibu na kijiji cha Manduel, umbali wa kilomita 12 hivi, na licha ya jina lake hakikufikishi kwenye Pont du Gard, daraja maarufu la maji la Warumi. Ukishukia huko, panda treni ndogo ya mkoa ikurudishe mjini.

Hatua ya 2: Chemchemi

Asubuhi ya kwanza upite uwanja bila kusimama, uende moja kwa moja Jardins de la Fontaine. Kuingia ni bure. Chini ya mlima mdogo kuna bwawa la kijani linalotoka ardhini lenyewe. Kabla ya Warumi, watu wa kabila la Volcae Arecomici waliabudu hapa mungu wa chemchemi, Nemausus, na jina la mji limetoka kwake. Bustani yenyewe, pamoja na ngazi na sanamu zake, ni ya karne ya 18, kazi ya mhandisi wa jeshi Jacques-Philippe Mareschal, lakini maji ni yale yale.

Pembeni kuna magofu yanayoitwa Hekalu la Diana. Wataalamu wengi hawakubali kwamba lilikuwa hekalu, na wapo wanaodhani ilikuwa maktaba. Kaa kidogo ndani yake, paa la mawe lililobaki ni zuri mno. Kisha panda hadi Tour Magne, mnara wa mita 32 uliokuwa sehemu ya ukuta wa mji enzi za Augusto, kaisari wa kwanza wa Roma. Ndani kuna ngazi 140.

Hatua ya 3: Tangi ambalo watu hulipita

Mji ulipokua, chemchemi moja haikutosha. Katika karne ya 1 B.K. Warumi wakaenda kuchukua maji ya chemchemi ya Eure, karibu na Uzès. Kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 20, lakini kwa kuzunguka vilima mfereji ukawa na urefu wa karibu kilomita 50.

Mwisho wa mfereji huo uko mtaa wa Rue de la Lampèze: beseni la duara lililochongwa kwenye mwamba, lenye matundu 10 ya mabomba ya risasi yaliyosambaza maji mjini. Huitwa Castellum. Matangi ya kugawia maji ya Kirumi yaliyobaki katika hali nzuri ni machache sana, na jingine linalotajwa sana liko Pompeii. Unalitazama ukiwa barabarani, bila tiketi, na mara nyingi utakuwa peke yako. Kwangu mimi hapa ndipo mahali pa maana kuliko pote mjini. Simama, hesabu matundu, jiulize kila moja lilikwenda wapi: mabafu, visima vya mitaani, nyumba za wakubwa.

Hatua ya 4: Uwanja, hekalu na mamba

Sasa nenda kwenye uwanja, Les Arènes. Ulijengwa mwishoni mwa karne ya 1, una urefu wa mita 133 na upana wa mita 101, na ulichukua watu wapatao 24,000. Safu zake mbili za matao, 60 kila moja, bado zimezunguka kamili. Umebaki kwa sababu haukuachwa: Wavisigothi, watu wa jamii ya Kijerumani waliotawala baada ya Warumi, waliufanya ngome, baadaye watu wakajenga nyumba na makanisa humo ndani wakaishi kama mtaa.

Maison Carrée pia imeokolewa na matumizi. Hekalu hili la mwanzoni mwa karne ya 1 limewahi kuwa nyumba ya watawala wa mji, zizi la farasi, kanisa na hifadhi ya nyaraka. UNESCO iliiingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2023. Tazama juu, chini ya paa, utaona vitundu vidogo vidogo. Ndipo zilipopigiliwa herufi za shaba, ambazo zilikuwa zimepotea zamani. Mwaka 1758 msomi wa mji huu, Jean-François Séguier, alisoma maandishi kwa kupanga vitundu hivyo tu, akagundua kwamba hekalu liliwekwa wakfu kwa Gaius na Lucius, wajukuu wa Augusto. Ukilijua hilo hutatazama tena ukuta huo kwa haraka.

Barabarani utakanyaga vibati vyenye picha ya mamba aliyefungwa kwenye mtende. Ndiyo nembo ya mji. Imetoka kwenye sarafu za Kirumi zilizopigwa hapa kuadhimisha kushindwa kwa Misri ya Kleopatra. Mamba ni wa Mto Nile, na sisi tunaotoka kwenye vyanzo vya mto huo tunayo haki ya kumsalimu.

Hatua ya 5: Pont du Gard

Siku ya pili panda basi la mkoa la liO kutoka stendi iliyo nyuma ya Nîmes Centre. Angalia ratiba ya kurudi kabla ya kuondoka. Jumapili mabasi ni machache.

Hili ndilo daraja lililovusha mfereji wa Hatua ya 3 juu ya mto Gardon. Lina safu tatu za matao na kimo cha mita 49. Ni refu, ni la kupendeza, lakini ajabu yake kubwa haionekani kwa macho. Katika kilomita zote 50 mfereji unashuka mita 12 na ushei tu, wastani wa sentimita 25 kwa kilomita, na juu ya daraja lenyewe mteremko ni sentimita mbili na nusu. Hawakuwa na injini wala darubini, nao wakaleta maji mengi kila siku bila pampu hata moja.

Sogelea mawe. Yale yanayochomoza yalishikilia majukwaa ya mafundi. Mengine yana alama kama FR S III, maana yake upande wa mbele, kushoto, namba 3, ili fundi ajue pa kuliweka. Karne nyingi baadaye mafundi mawe waliosafiri Ufaransa nzima kujifunza kazi walichonga majina yao hapa. Njia unayopita kwa miguu iliongezwa ubavuni mwa daraja mwaka 1743 hadi 1747 na mhandisi Henri Pitot.

Hatua ya 6: Mtoni

Kodi mtumbwi kijijini Collias, upige kasia kilomita 8 kufuata mkondo hadi chini ya matao. Korongo la Gardon ni hifadhi ya bayongahewa (eneo la kulinda viumbe na mazingira yao) ya UNESCO tangu 2015. Kuna tai, kuna biva (mnyama wa mtoni anayeguguna miti), na kuanzia majira ya kuchipua kuna keremkerem waliorudi kutoka Afrika. Mvua za vuli zikianza usiuchezee mto huu, hufurika ghafla.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, mimi ni Mtanzania niko Muscat kwa ukaazi wa kazi. Bado nahitaji viza?
Ndiyo mkuu. Ukaazi wa Oman haukuondolei viza ya Schengen. Faida ni kwamba unaombea hapo hapo unapoishi, huna haja ya kurudi nyumbani.

Nina likizo Agosti tu. Joto likoje?
Kali. Tarehe 28 Juni 2019 kituo cha hali ya hewa cha Gallargues-le-Montueux, kusini-magharibi mwa Nîmes, kilipima nyuzi 45.9. Toka saa mbili asubuhi, pumzika mchana, rudi jioni. Njia za msituni hufungwa siku zenye hatari ya moto, nawe utii. Ukiweza kubadilisha likizo, Mei au mwisho wa Septemba ni bora zaidi.

Nataka kwenda na mama yangu, magoti yanamsumbua.
Dada, mpeleke bila wasiwasi. Katikati ya mji ni tambarare, na njia ya Pont du Gard kutoka maegesho ni nzuri. Asipande Tour Magne, na uwanjani akae safu za chini, ngazi za juu ni ndefu.

Chakula kwa Mwislamu?
Maduka ya nyama halali yapo. Chakula maarufu cha mji ni brandade, ng'onda wa bahari za kaskazini aliyelowekwa na kupondwa kwa mafuta ya zeituni. Chukua hicho. Epuka petit pâté nîmois, kwa kawaida huwa na nyama ya nguruwe.

Ni kweli huua ng'ombe uwanjani?
Katika corrida, yaani mchezo wa ng'ombe wa mtindo wa Kihispania, ndiyo, hasa kwenye sherehe za Pentekoste na za Septemba. Mimi siendi. Lakini kuna course camarguaise, ambapo vijana hunyakua utepe kati ya pembe na ng'ombe hurudi malishoni mzima. Ndugu zetu wa Pemba watauelewa mara moja, kwani mchezo wa ng'ombe wa kwao pia haumuui mnyama.

Siku ya tatu umesema ndege na chumvi. Wapi?
Panda treni ya Le Grau-du-Roi ushuke Aigues-Mortes, mji uliozungukwa na ukuta mzima, ambako mfalme Louis IX aliondokea kwenda Vita vya Msalaba mwaka 1248. Nje ya ukuta kuna mashamba ya chumvi yenye maji ya waridi, na heroe wakubwa, wa jamii ile ile tunayoiona Nakuru. Chukua dawa ya mbu.