SOMO: Kusimama Pamukkale na Hierapolis ukiwa na gari

Pamukkale, Uturuki, ni mteremko mweupe wa chokaa wenye mabwawa ya maji ya moto, na Hierapolis ni magofu ya mji wa kale yaliyo juu yake. Geti gani, viatu niweke wapi: maswali haya mawili yanarudi kila wiki. Majibu yote ni haya, someni kwanza.

1. Ukitokea Selçuk, penye magofu ya Efeso, pitia Aydın hadi Denizli, kama kilomita 190. Gari la kukodi liwe na stika ya HGS ya kulipia barabara za tozo.

2. Beba maji ya kunywa, taulo, miwani ya jua (weupe ule unaumiza macho) na mfuko wa viatu.

3. Geti. Hapa ndipo safari nyingi zinapoharibika. Mageti ni matatu. La kijijini liko chini, na unapanda peku juu ya chokaa. La kusini na la kaskazini yako juu. Ukiegesha juu ukateremka mpaka kijijini, gari limebaki mlimani: utapanda tena mteremko wote kwenye jua, au utafute teksi ya kuzunguka. Mwenye gari aegeshe kusini, ateremke nusu ya njia, ageuze. Mkipenda magofu, dereva awashushe kaskazini akawasubiri kusini. Mtapita makaburi zaidi ya elfu moja, lango la Frontinus na barabara kuu ya mji.

4. Viatu. Vua kabla ya kukanyaga chokaa, hata ndala. Walinzi watakupigia filimbi. Maji yanatoka ardhini na nyuzi 35 hivi, yamebeba kalsiamu. Hewa ya kaboni ikitoka, chokaa inatuama, laini kama uji, halafu inakuwa jiwe. Soli inaivuruga kabla haijakomaa. Usiache viatu chini kama hutarudi njia hiyo. Tahadhari: palipo laini panateleza sana. Kanyaga penye vijikunjo. Panauma nyayo ila panashika. Simu weka mfukoni.

5. Ukumbi wa maonyesho wa Kirumi: panda, usiuache.

6. Bwawa la kale lenye nguzo za marumaru zilizoanguka majini lina malipo yake ya pembeni.

MASWALI

— Mkuu, nina gari, niingilie geti gani?
Hatua ya 3.

— Unatisha watu bure. Nina mtoto kwenye kigari, atapita tu.
Sitishi mtu. Magurudumu hayapiti kwenye chokaa. Bakini juu, kuna njia ya mbao ukingoni.

— Mbona mabwawa mengine ni makavu, picha zinaonyesha yamejaa?
Swali zuri, dada. Maji hugawiwa kwa zamu. Chokaa ikilowa muda wote inaota mwani na kupoteza weupe, ikikauka inang'aa. Siku za nyuma hoteli zilizojengwa juu ya magofu ziliyatumia maji haya, ndipo zikabomolewa.

— Pango la Pluto (mungu wa kuzimu) pale Hierapolis kweli liliua ndege?
Kweli. Strabo, mwanajiografia Mgiriki wa kale, aliandika kwamba alitupia shomoro humo, wakafa. Linatoa kaboni dioksidi, nzito kuliko hewa, hivyo inatuama chini: mnyama mwenye kichwa karibu na ardhi anakufa, mtu aliyesimama anaweza kusalimika. Usiruke kizuizi.

— Nyongeza: kijiji cha Karahayıt, kilomita 5 hivi kaskazini, maji ni mekundu kwa chuma na ni moto zaidi.

— Na magofu ya mji wa Laodikia yako njiani ukitoka Denizli. Wakolosai 4:13 inautaja pamoja na Hierapoli, yaani Hierapolis. Tazameni mabomba ya udongo pale, yameziba kwa chokaa.