Kurudisha GRUB Baada ya Kusakinisha Windows

Katika kompyuta ya UEFI (programu ya ndani inayoianzisha kompyuta kabla ya mfumo), Windows ikisakinishwa baada ya Ubuntu, mara nyingi GRUB, programu ya kuchagua mfumo wa kuwasha, haifutwi bali husukumwa nyuma katika mpangilio wa kuwasha; basi, kabla ya kukimbilia kusakinisha upya, ingia kwenye mipangilio ya UEFI uitangulize Ubuntu.

Isipoonekana hapo, washa mashine kwa fleshi ya Ubuntu, nayo katika hali ya UEFI, uunganishe sehemu ya diski yenye Ubuntu kwenye /mnt, ile ndogo ya FAT32 (sehemu ya EFI, yenye faili za kuwashia) kwenye /mnt/boot/efi, na /dev, /proc na /sys chini ya /mnt kwa mount --rbind, ndipo uendeshe grub-install ndani ya chroot (yaani ukiwa umeingia kwenye Ubuntu iliyo /mnt). Hapa Goma, umeme ukiwa haueleweki, betri ijae kwanza.

Windows ikikosekana kwenye orodha ya GRUB, andika GRUB_DISABLE_OS_PROBER=false katika /etc/default/grub, kisha endesha update-grub.