Tundu moja la pua likibaki limelala baada ya upasuaji: uanzie wapi

Nilizaliwa na mdomo sungura upande wa kushoto. Mdomo ulishonwa nikiwa mchanga, pua ikafanyiwa upasuaji nilipomaliza kidato cha nne, na bado tundu la kushoto likabaki bapa, limelalia shavuni, la kulia limesimama. Miaka kadhaa baadaye nilipasuliwa tena, na sasa yanakaribiana. Hayalingani kabisa, wala sikuahidiwa hivyo. Haya nawaandikia wenzangu waliokwisha kupasuliwa pua, iwe kwa mdomo sungura, kwa ajali au kwa kutaka umbo jingine, ambao kila wakisimama mbele ya kioo macho yanakwenda kwenye tundu lile lile.

La kwanza ndilo gumu kuliko yote: kama mwaka haujaisha tangu upasuliwe, usikimbilie kurudiwa. Plasta ya nje hutolewa baada ya wiki moja hivi na uvimbe mkubwa hushuka ndani ya wiki chache, ndipo mtu anadhani anachokiona ndiyo pua yake. Siyo. Ncha ya pua ndiyo huchelewa kuliko sehemu zote, na sisi wengi wenye ngozi nene ya pua tunaweza kukaa mwaka au zaidi uvimbe wa ndani ukipungua kidogo kidogo. Tena haupungui sawa pande zote mbili. Upande ulioshughulikiwa zaidi hubaki mnene, na kovu la ndani nalo linakuwa bado linakaza na kuvuta. Kisu kikirudi kwenye kovu bichi, daktari anapima kitu ambacho kesho kitakuwa kimebadilika.

Kuna mambo ambayo hayangoji hata siku moja. Homa, usaha, damu isiyokata, au pua kuziba ghafla pamoja na maumivu na uvimbe laini kwenye ukuta wa katikati: nenda hospitali siku hiyo hiyo. Damu ikikusanyika kwenye ukuta ule, gegedu, yaani ile sehemu ngumu kidogo inayopindika kama ya sikio, hukosa lishe na kufa, na hapo pua inaweza kubonyea.

Wakati unasubiri, tengeneza kumbukumbu yako. Picha inayosema ukweli kuhusu matundu ni ya kutoka chini. Kaa umeelekea dirishani asubuhi, inua kidevu mpaka ncha ya pua ionekane imefika usawa wa nyusi, na mtu mwingine ashike simu akiwa mbali kidogo, kisha aivute picha kwa kamera. Selfi ya karibu huipanua pua na kukuonyesha tofauti ambayo haipo. Rudia mahali pale pale kila mwezi. Ukiwa na picha za zamani, za kabla ya upasuaji wowote, ziweke pamoja. Hakuna binadamu mwenye matundu yanayofanana kabisa, na wengine hugundua kwamba tofauti wanayoililia walikuwa nayo tangu shule ya msingi.

Halafu pima pumzi, kwa sababu umbo na pumzi hutembea pamoja. Toa kioo kidogo kwenye friji, kishike chini ya pua, funga mdomo, toa pumzi taratibu. Utaona mawingu mawili ya ukungu. Langu la kushoto lilikuwa dogo mno kando ya lile la kulia. Kisha weka kidole kwenye shavu kando ya pua, livute kuelekea sikioni na uvute pumzi. Kama upande huo unafunguka ghafla, mwambie daktari. Ni dalili kwamba njia imebana kwa ndani au pembeni inanywea ukivuta pumzi, na kupunguza tundu kwa nje peke yake hakutakusaidia.

Sasa nifike kwenye jambo ninalotaka kila mtu aondoke nalo. Tundu lisilolingana mara nyingi siyo kosa la tundu. Fikiria turubai la shughuli. Likiwa limelegea upande mmoja, fundi mwenye akili haanzi kukata kitambaa, anatazama kwanza nguzo ya katikati, kisha fito za pembeni, kisha ardhi. Nguzo ya pua ni ukuta wa katikati. Ukiwa umepinda, ncha inafuata na tundu moja linabanwa. Fito ni gegedu la kila upande wa ncha, na kwa sisi wa mdomo sungura wa upande mmoja, lile la upande wenye ufa limezaliwa limelala. Ardhi ni mfupa wa taya ya juu, pale bawa la pua linapokalia. Bawa ni ile nyama ya pembeni inayotanuka mtu akikasirika.

Yangu ilikuwa ardhi. Daktari wa pili hakuanza na pua. Alivaa glavu, akaniambia nifungue mdomo, akapitisha kidole kati ya mdomo wa juu na fizi mpaka chini ya bawa la kushoto, akakandamiza. Kidole kilizama. Upande wa kulia kiligota kwenye mfupa. Pengo la fizi nililozaliwa nalo halikuwahi kujazwa, kwa hiyo bawa lilikuwa limekaa juu ya shimo. Kwa kawaida pengo hilo hujazwa kwa mfupa unaotolewa nyongani mtoto akiwa na miaka 8 hadi 11 hivi, kabla jino la chonge la juu halijatoka. Mzazi unayesoma hapa, uliza habari ya fizi mapema. Pua yenyewe, upasuaji mkubwa husubiri uso ukue: wasichana karibu miaka 14 hadi 16, wavulana 16 hadi 18. Kwa mtu mzima kama mimi pengo bado linaweza kujazwa, na ndivyo ilivyofanyika kabla gegedu halijaguswa.

Tiba zenyewe zinategemea chanzo. Kimrija laini cha silikoni kinachovaliwa ndani ya tundu husaidia kovu lisilifinye tundu baada ya upasuaji, na huvaliwa kwa miezi. Hakinyanyui tundu lililolala miaka mingi. Kioshe kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, na ngozi ya ukingo ikipauka au ikiuma, kimekuwa kikubwa, kitoe urudi kliniki. Tafadhali usikate mrija wa dripu ukajitengenezea nyumbani. Kukanda pua kwa vidole nako ni kwa maelekezo ya aliyekupasua, kwani kuna gegedu lililoshonwa ambalo linaweza kuhama. Kovu nene linaweza kudungwa triamsinoloni, dawa ya kulipunguza, dozi ndogo kwa kupishanisha wiki kadhaa. Ikizidi, ngozi hukonda na kupauka, na kwenye ngozi nyeusi alama hiyo inaonekana sana.

Sindano za kujazia zinazotangazwa na saluni, mimi nazikataa kwa pua iliyokwisha kupasuliwa, na nakuomba uzikatae. Mishipa ya damu imeshabadilika njia. Dawa ikiingia kwenye mshipa, ngozi ya pua inaweza kufa, na wapo waliopofuka jicho.

Kwenye upasuaji wa marudio, ukuta hunyooshwa, na gegedu la kuongezea nguvu hutolewa kwenye ukuta huo huo, nyuma ya sikio au mbavuni. Langu lilitoka sikioni, na kovu lake limejificha kwenye mkunjo. Kukata kitako cha bawa ili tundu lipungue ni mbinu ya zamani, Robert Weir wa New York aliieleza mwaka 1892, na inavutia kwa sababu ni fupi na ya ganzi tu. Lakini kilichokatwa hakirudi, na tundu lililofinywa kupita kiasi ni kazi kubwa kulipanua. Hatua hiyo iwe ya mwisho, nguzo na ardhi zikishakaa sawa.

Mtafute bingwa wa upasuaji rekebishi, wa masikio, pua na koo, au wa kinywa, taya na uso. Kwa Tanzania utaanzia kwa rufaa kwenda hospitali kama Muhimbili ya Dar es Salaam, KCMC ya Moshi au Bugando ya Mwanza. Nenda na picha zako na maelezo ya upasuaji uliopita, uyaombe kwa maandishi pale ulipopasuliwa, maana daktari mpya anahitaji kujua gegedu gani limeshatumika. Muulize chanzo ni kipi kati ya vile vitatu. Muulize gegedu litatoka wapi. Omba kuona picha za wagonjwa wenye ngozi kama yako waliofikisha mwaka. Kama kwenu kuna makovu yanayovimba kama ya kutoboa masikio, sema kabla hujaulizwa. Anayekuahidi matundu yatalingana sawasawa, mshukuru uondoke.

Baada ya upasuaji, lala chali kwa mito miwili. Usipenge kamasi kwa wiki mbili, na chafya ikija fungua mdomo. Ndoo ya maji wabebe wengine. Miwani isikalie pua mpaka uruhusiwe. Mimi nilimuuliza daktari wazi kuhusu kusujudu, akaniambia kichwa kisishuke chini ya moyo kwa wiki za mwanzo, nikasali nimekaa kwenye kiti. Uliza na wewe, usione haya.

Mwaka ukitimia, tazama picha ya kutoka chini kando ya zile za zamani. Kama tofauti iliyobaki ni milimita moja au mbili na ukungu wa kioo unafanana pande zote, mimi ningeliacha hapo. Kama pumzi bado imebana upande mmoja, rudi kliniki hata kama umbo limekupendeza.